Alamu na kiwashio cha rimoti: ufunge mwenyewe, umpe fundi, au mgawane kazi?

Gari likishinda juani pale Posta tangu saa mbili asubuhi, jioni ukifungua mlango unapokewa na joto la tanuri. Usukani haushikiki, kifungio cha mkanda kinaunguza, na foleni ya kurudi nyumbani bado inakusubiri. Hapo ndipo mtu wa Dar anapoanza kukitamani kiwashio cha rimoti: unabonyeza ukiwa bado kwenye ngazi za ofisi, injini inawaka, kiyoyozi kinapoza, ukifika unakaa kama binadamu. Wenzetu wa nchi za baridi wanakitumia kuyeyusha barafu kwenye vioo. Sisi tunakitaka kwa sababu iliyo kinyume kabisa.

Mara nyingi kifaa hiki huuzwa boksi moja na alamu, kikiwa na fungu la nyaya za rangi zote na karatasi ya maelekezo yenye herufi za kusomea kwa miwani. Swali linalobaki ni nani azifunge. Mimi njia zote tatu nimepita: IST yangu niliifunga mwenyewe, Noah ya nyumbani nilimpa fundi, na gari la shemeji tuligawana kazi. Kila njia imenifurahisha kwa jambo moja na kuniudhi kwa lingine.

Kwanza tenganisha kazi mbili

Alamu na kiwashio vinakaa boksi moja lakini ni kazi mbili. Alamu inasikiliza milango, boneti na mtikisiko, inapiga king'ora, inawasha indiketa na kuendesha sentro loki. Ukikosea, unapata kelele. Kiwashio kinashika nyaya nene za swichi ya ufunguo na kuwasha gari ambalo halina mtu ndani. Ukikosea hapo, unaweza kupata moto chini ya dashibodi au gari linaloruka mbele lenyewe. Mtu anaweza kuwa mwezaji mzuri wa kazi ya kwanza na asifae kabisa kwa ya pili.

Vipimo nilivyotumia

Vitano: fedha na muda, usalama wa nyaya, siri, yaani nani anajua kilipofichwa kikata stata (kinachozuia stata isizunguke alamu ikiwa macho), matengenezo, yaani nani utamwita king'ora kikigoma kunyamaza saa tisa usiku, na mwisho, njia hiyo inamfaa nani.

Lakini kabla ya njia, angalia gari. Wengine safari yao inaishia hapa.

Kama ufunguo wako ni chuma kitupu kisicho na chipu, kazi ni nyepesi. Kama una chipu, kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, haitaruhusu injini iwake mpaka iisome. Ulinzi huo ndio imobilaiza, kwa hiyo kiwashio kinahitaji kifaa cha ziada, baipasi ya imobilaiza. Baipasi ya kawaida ni kiboksi unachowekea chipu ya ufunguo wa akiba, nacho kinaionyesha kwenye pete inayozunguka swichi ya ufunguo pale tu unapowasha kwa rimoti. Kuna watu wanaobandika chipu moja kwa moja kando ya pete na kuiacha hapo milele. Gari linawaka, ndiyo, lakini kuanzia siku hiyo huna tena imobilaiza: ufunguo wowote wa kuchonga utaliwasha. Umeongeza alamu, ukaondoa ulinzi ambao kiwanda kilikupa.

Gari la kuwasha kwa kitufe badala ya ufunguo linahitaji moduli iliyotengenezwa kwa modeli hiyo hiyo. Haibrid, kama Aqua na Prius, haina stata ya kawaida, na nyaya zake za rangi ya chungwa zina volti za kuua. Hayo mawili si ya kujifunzia.

Na gari la manyuo? Alamu funga, kiwashio achana nacho. Siku utakapoliacha kwenye gia namba moja na kulibonyeza ukiwa dirishani, litaruka, na hutajua nani amesimama mbele yake.

Njia ya kwanza: kufunga mwenyewe

*Fedha na muda.* Unaokoa pesa ya ufundi, lakini usidhani ni bure. Unahitaji mita ya kupimia volti, mashine ya solda, mirija ya kusinyaa kwa moto, tepu ya kitambaa, fyuzi na vishikio vyake, rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) za pini tano, na spana namba 10 ya kufungulia vichwa vya betri. Muda ndio unaouma. Fundi mzoefu anamaliza kati ya chai na chakula cha mchana. Mimi ilinichukua Jumamosi nzima na Jumapili mpaka magharibi, mgongo ukiwa kwenye kizingiti cha mlango, miguu nje, tochi ya simu mdomoni. Anza Jumamosi mapema. Ukigundua Jumapili mchana kwamba rilei ni mbovu, maduka mengi ya spea Gerezani yatakuwa yamefungwa.

*Usalama wa nyaya.* Nyuma ya swichi ya ufunguo kuna nyaya nene nne au tano. Mmoja una moto, yaani umeme, muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Wa ACC, ule wa redio na vifaa vya ndani, unapata moto ukizungusha hatua ya kwanza, kisha unakufa wakati unapiga stata. Wa ignisheni unapata moto ukifungulia na haufi hata stata ikizunguka. Wa stata una moto kwa ule muda mfupi wa kupiga tu. Magari mengi yana pia ignisheni ya pili. Unazitambua kwa mita, si kwa rangi, na si kwa picha uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp.

Mimi nilichanganya ACC na ignisheni. Alamu yangu inafunga milango yenyewe ignisheni ikija na kuifungua ikikatika. Kwa hiyo kila nikipiga stata, milango ilijifunga, ikajifungua, ikajifunga tena, ta-ta-ta, mtoto wa jirani akidhani ni mchezo. Nilihamisha waya mmoja, ikaisha. Lakini fikiria kosa hilo hilo likiwa kwenye waya wa stata.

Yapo mambo matatu ambayo sipunguzi hata nukta. Soketi za rangi ya njano ni za mifuko ya hewa: usizipime, usizichomoe, usipitishe waya juu yake. Chomoa hasi ya betri kwanza na usubiri. Vitabu vya matengenezo vya Toyota vinataka angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu na mifuko hiyo. La pili, ile tesita ya taa wanayotumia wengi iache kwa nyaya za indiketa. Balbu yake inavuta umeme mwingi, na ukiichomeka kwenye waya wa kompyuta unaweza kuua kontrol boksi. La tatu, kila waya wa moto unaoutoa kwenye chanzo uwe na fyuzi karibu kabisa na pale ulipoanzia. Fyuzi iliyokaa mwisho wa safari haiulindi waya uliokwishapita.

Kabla ya kuchomoa betri, tazama redio. Redio nyingi za Toyota zilizokuja na gari kutoka Japani hujifunga umeme ukikatika na kukudai namba ya siri ambayo huna. Kama yako ni ya aina hiyo, jua kabisa utaifunguaje au umejiandaa kuiaga. Ukiwa huko chini utakutana pia na nyaya za mmiliki wa kwanza: za kile kisanduku cha ETC, cha kulipia barabara za Japani, kinachokusalimia kwa Kijapani kila asubuhi. Usizifanye chanzo chako cha moto. Hujui aliziunga wapi.

*Siri.* Hapa njia hii haina mpinzani. Rilei ya kukata stata unaificha wewe, mahali unapopajua wewe. Iunge kwa pini 30 na 87a (namba zimeandikwa kwenye rilei yenyewe), ili ikiwa imetulia umeme upite na ikate pale alamu inapowekwa macho. Moduli ikifa siku moja, gari bado litawaka. Ukitumia 87, ambayo hupitisha umeme pale tu rilei inapowashwa, kila hitilafu ya alamu itakuacha njiani.

*Matengenezo.* Wewe ndiye fundi. King'ora kikilia usiku unajua fyuzi gani ya kuchomoa. Kabla ya kurudisha plastiki, piga picha za kila muungo na uandike kwenye karatasi waya gani umeenda wapi. Baada ya miezi sita hutakumbuka.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari la otomatiki la ufunguo wa kuzungusha, aliyewahi kufunga redio au taa na zikadumu, na mwenye gari au usafiri mwingine wa Jumatatu asubuhi. Hilo la mwisho watu hulisahau.

Njia ya pili: fundi umeme wa magari

*Fedha na muda.* Unalipa ufundi, unaokoa wikiendi. "Bosi, hii kunywa soda moja tu, unaondoka," ndivyo nilivyoambiwa, na kwa kweli soda zilikuwa mbili. Bei ni ya kuelewana, kwa hiyo ulizia mafundi wawili watatu, na uulize kama baipasi na rilei zimo ndani ya bei au zitakuja "baada ya kufungua".

*Usalama wa nyaya.* Fundi mzuri ana kitu ambacho mita haikupi: amefungua dashibodi ya IST mara nyingi kiasi kwamba mkono wake unakwenda kwenye waya kabla jicho halijafika. Haogopi, hakisii. Kwenye nyaya za mlango anajua tayari kwamba Toyota nyingi zinatumia athi (upande wa hasi), si moto.

Tatizo ni haraka. Noah ilikaa vizuri miezi kadhaa. Siku moja nikaizima kituo cha mafuta maeneo ya Mwenge, nikajaza, nikazungusha ufunguo: kimya. Taa zinawaka, stata haisemi. Vijana walinisaidia kuisukuma pembeni. Fundi mwingine alipoingia chini ya usukani alivuta tepu moja na ikatoka nzima, kama ganda la ndizi. Muungo wa waya wa stata ulikuwa umesokotwa kwa vidole tu na kuzungushiwa tepu ya plastiki. Joto la dashibodi lilikuwa limelainisha gundi, tepu ikateleza, nyaya zikaachana. Alichuna upya, akatia solda, akavika mrija. Dakika kumi na tano, ambazo yule wa kwanza hakuwa nazo.

Kwa hiyo uliza kabla, si baada: utasokota au utatia solda? Fyuzi itakaa wapi? Baipasi ni ya kiboksi au utabandika chipu? Swichi ya boneti utaiunga? Anayejibu bila kukasirika, mwachie gari. Na simama karibu. Mafundi wengi hawaoni vibaya mteja akitazama. Anayekutuma ukanunue maji kila mara, mtilie shaka kidogo.

Kabla ya kulipa, fanyeni majaribio pamoja. Washa kwa rimoti kisha kanyaga breki bila kuingiza ufunguo: injini lazima izime. Washa tena, fungua boneti: lazima izime. Weka gia kwenye D, jaribu kuwasha kwa rimoti: lazima igome. Likifeli hata moja, kazi haijaisha, hata kama rimoti inalia vizuri namna gani.

*Siri.* Fundi anajua kilipo kikata stata, na msaidizi wake anajua, na waliopita wakati plastiki ziko chini wanajua. Sisemi fundi ni mwizi. Ila rilei nyingi za alamu zinaishia mahali pale pale, juu ya pedali, na anayeiba magari anaanzia hapo. Mwombe aifiche kwingine, hata kama ataongeza waya na bei kidogo.

Wengine watakushauri wakate pampu ya mafuta, au wafunge kile cha kuzima gari likiwa mwendoni ukiporwa. Kataa cha mwendoni. Injini ikizimika barabarani, usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada baada ya kukanyagwa mara chache. Kitufe kile kile kinaweza kubonyezeka mfukoni mwako mwenyewe, uko Barabara ya Mandela na lori nyuma.

*Matengenezo.* Inategemea kama utampata tena. Mwenye kibanda cha miaka mingi ana thamani kuliko bingwa anayehamahama. Omba akuonyeshe fyuzi ya alamu na kitufe cha kuizima bila rimoti, kisha kizime mwenyewe mbele yake mara moja.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari la kitufe au la imobilaiza ngumu, mwenye gari moja tu la kutafutia riziki, na asiyependa nyaya. Ukiwa unaendesha teksi ya mtandaoni, siku mbili za gari kulala zinaweza kukugharimu kuliko ufundi wote.

Njia ya tatu: kugawana kazi

Hii ndiyo tuliyoitumia kwa gari la shemeji. Fundi alifanya nyaya nene, baipasi na stata, kwa solda na mbele ya macho yetu. Jioni nyumbani, sisi tukafunga vilivyobaki: kitambuzi cha mtikisiko, king'ora, swichi ya boneti, taa ndogo ya dashibodi, kisha tukahamisha kikata stata kwenda mahali ambapo shemeji peke yake anapajua.

*Fedha na muda* viko katikati: ufundi unapungua kama mtaelewana mapema, na kwako inabaki nusu siku. *Usalama* ni mzuri, mradi hamrukiani. Muulize fundi waya upi ameuacha wazi na mwisho wake ameufunga na nini. *Siri* unaipata karibu yote. *Matengenezo* ndiyo kasoro. Gari likigoma, fundi atasema ni upande wako, na pengine atakuwa sahihi. Mafundi wengine hawataki kabisa kazi ya namna hii, na siwalaumu. *Inamfaa* mwenye mikono lakini mwenye hofu ya nyaya nene, na anayetaka kujifunza kwa gari linalofuata.

Vitu viwili visivyojali umechagua njia gani

Betri. Gari likiwa limelala, umeme unaovuja kwa kawaida uwe chini ya miliampea 50. Alamu iliyofungwa vizuri inaongeza kidogo tu. Lakini muungo mbovu unaovujisha nusu ampea unakula ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya 45 haifikishi siku ya nne. Ukisafiri kwenda mkoani na kurudi gari limekufa, pima hapo kabla ya kununua betri mpya: mita kwenye ampea, katikati ya hasi ya betri na waya wake, subiri gari litulie, na usithubutu kupiga stata mita ikiwa imefungwa hivyo.

Na kitambuzi cha mtikisiko. Kikiwa kikali, kila bodaboda yenye ekzosi iliyotobolewa itaamsha mtaa, na baada ya wiki hakuna jirani atakayechungulia dirishani hata mwizi akija kweli. Kipunguze mpaka kisilie kwa kofi la paa, kilie kwa teke la tairi.

Kwa hali yako

Unaegesha ndani ya geti na shida yako ni joto tu: kiwashio ndicho unachokitaka, na kwa gari la ufunguo wa kawaida unaweza kukifunga mwenyewe ukiwa na subira. Acha kiyoyozi kimewashwa kabla ya kuzima gari, la sivyo utakuta injini inaunguruma na joto liko pale pale. Kama gereji yako ina kuta nne na mlango, usiwashe kwa rimoti ndani yake. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, na ukuta wa chumba cha watoto hauko mbali.

Hofu yako ni gari zima kuibwa: wekeza kwenye kikata stata kilichofichwa na mkono wako, kwa njia ya kwanza au ya tatu, na kiwashio kinaweza kusubiri. Kifuatiliaji cha GPS ni nyongeza nzuri, mradi mtoto wa duka asikibandike pale pale juu ya pedali.

Gari la kitufe au haibrid: fundi, tena aliyewahi kufunga modeli yako. Mwombe akuonyeshe moja aliyoifunga.

Gari la manyuo: alamu peke yake, kwa njia yoyote kati ya hizo tatu.

Hujawahi kushika mita maishani: nunua mita sasa hata kama utampa fundi. Pima volti za betri yako asubuhi kabla ya kwenda kwake na asubuhi ya siku inayofuata. Tofauti kubwa ikionekana, rudi kwake siku hiyo hiyo kabla hajasahau alipita wapi.

Na kama unaegesha barabarani Kariakoo na kinachokusumbua ni vioo vya pembeni na taa, alamu haitakusaidia sana kwa njia yoyote. Mtu mwenye mikono myepesi anachomoa kioo bila kulitikisa gari vya kutosha. Pesa hiyo ipeleke kwanza kwa wale vijana wanaochonga namba ya gari kwenye vioo na taa.